IST au Noah: nafasi inaongezeka wapi hasa?

Familia ya watu watano iliyochoka kubanana kwenye IST, gari dogo la Toyota, huwaza mara moja Noah, Toyota ya familia yenye safu tatu za siti. Matumaini makubwa huwa ni siti ya nyuma: watu wazima watatu wakae bila kusukumana mabega. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, ina upana wa milimita 1,695 kwa nje. Noah ya 2001 hadi 2007, na iliyoifuata hadi 2013, kwa matoleo ya kawaida nazo zina milimita 1,695 zilezile. Hizo zilichorwa zisivuke meta 1.7, kwa sababu ndiyo mwisho wa daraja la magari madogo kwa sheria za Japani. Kuta za Noah zimesimama wima zaidi, kwa hiyo mabega yanapata sentimeta chache za nyongeza, basi. Anayetaka upana wa kweli aangalie Alphard, Toyota ya familia iliyo kubwa zaidi: ile ya 2008 hadi 2015 ina milimita 1,830.

Unachokipata kwenye Noah ni kimo na urefu. Paa liko milimita 1,850 kutoka chini, la IST 1,530. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma Noah ina milimita 2,825, IST 2,370. Hizo sentimeta 45 na ushee ndizo zinazobadilisha ukaaji. Kimo kinaruhusu kikalio cha siti kuinuliwa juu ya sakafu, goti likunjike vizuri na paja lote lilale kwenye sponji. Kwenye gari dogo abiria wa nyuma, hasa mrefu, magoti humpanda, paja linaning'inia na uzito wote unabaki kwenye makalio. Ndiyo maana baada ya saa mbili anaanza kujigeuzageuza, hata kama sponji bado ni nzima.

Tena siti ya safu ya katikati ya Noah iko kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, mahali ambapo tuta linasikika kidogo kuliko kwingine kote. Kwa safari ndefu, hiyo ndiyo siti bora katika magari yote mawili, wala haina mpinzani.

Siti za nyuma kabisa ni habari nyingine, na wauzaji hawazisemi. Zimetengenezwa ziweze kukunjwa na kufungwa ubavuni, kwa hiyo kikalio ni chembamba. Zimekaa juu ya ekseli, kila shimo linapanda moja kwa moja hadi mgongoni. Mtu mzima akikaa hapo kwa saa tatu atakuwa amechoka kuliko aliyekaa nyuma ya IST. Siti zote zikijaa, buti inabaki nyembamba kiasi kwamba masanduku ya watu wanane lazima yapande kwenye keria. Halafu kuna hewa. Noah zenye kiyoyozi cha nyuma hupuliza kutoka darini, na kikifa hicho walio nyuma kabisa wanaiva, maana mara nyingi vioo vyao havifunguki. Ukikagua gari, washa cha nyuma kwa dakika kumi huku umekaa huko huko.

Kwa matumizi ya mjini gari dogo linajitetea vizuri, na Honda Fit ndiyo mfano wenye nguvu. Tangi lake la mafuta limewekwa chini ya siti za mbele, si za nyuma. Kwa hiyo kikalio cha nyuma kinainuliwa na kuegemezwa kwenye mgongo wa siti, na sakafu inabaki wazi hadi darini. Ndoo za lita 20 zinasimama wima pale bila kumwagika, jambo ambalo buti za magari mengi ya ukubwa huo haziwezi. Ukilaza mgongo wa siti badala yake, sakafu inakuwa karibu bapa kutoka buti hadi siti za mbele.

Mlango wa kusukuma wa Noah unasaidia sana kwenye maegesho finyu na kwa watoto, lakini ukaguliwe. Mchanga ukijaa kwenye reli ya chini, rola zinalika na mlango unaanza kukwama. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, mwache apande mwenyewe kabla hujaamua: kwenye Noah anapanda ngazi, kwenye IST anajishusha. Kila goti lina ugomvi wake.

Magari haya yameshazeeka, na sponji nayo. Bonyeza kikalio cha dereva kwa goti; ukigusa waya, sponji imekufa. Fundi wa viti aweke sponji ngumu na arudishe kimo cha mwanzo tu. Akiongeza sentimeta tatu kwenye IST, mapaja yanakaribia stelingi na kichwa kinakaribia paa. Na kama ubavu wa siti una maandishi ya SRS AIRBAG, usikubali kava lishonwe juu yake, maana litazuia mfuko wa hewa uliomo ndani kufunguka siku ya ajali.

Kwa watu wanne, au watano wakiwamo watoto wadogo, Fit inatosha na injini yake ya lita 1.3 au 1.5 hainywi mafuta kama ya Noah ya lita 2.0. Wakiwa sita au saba kila wiki, Noah inastahili gharama yake. Tatizo ni anayebeba watu sita mara moja kwa mwezi: huyo atalipia mafuta ya siti tupu siku zote nyingine, na kwake ni nafuu kukodi.

Ukienda kuangalia gari, mrefu kuliko wote nyumbani aweke siti ya dereva anavyoendesha, kisha akae nyuma yake. Ngumi ikipita kati ya goti na siti ya mbele, pametosha. Kwa Noah, sogeza siti ya katikati hadi ngumi ipite hivyo kwanza, na bila kuigusa tena, ndipo ukapime ya nyuma kabisa.