Palwankar Baloo: mkono ulikubaliwa, mtu je?

Nikimfikiria Palwankar Baloo, mchezaji kriketi wa India, kinachonijia kwanza ni kikombe. Mwishoni mwa karne ya 19, mjini Poona, alikuwa mrusha mpira tegemeo wa timu ya Wahindu dhidi ya Wazungu. Uwanjani, wenzake Mabrahmin, watu wa tabaka la juu kabisa la Kihindu, waliushika mpira uleule alioushika yeye. Ikifika saa ya chai, wao waliingia ndani, naye akaletewa yake nje kwa kikombe cha udongo cha kutupwa, asije akavitia najisi vyombo vyao. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa Chamar, jamii ya watengeneza ngozi iliyohesabiwa miongoni mwa wasioguswa, watu wa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu.

Wako wanaoona kwamba kriketi ndiyo iliyomtoa huko nje, na ushahidi wao si haba. Baloo, mzaliwa wa 1876, alianza kazi kwa kufagia na kusawazisha uwanja. Katika klabu ya Wazungu ya Poona alilipwa rupia 4 kwa mwezi, na huko ndiko alikomrushia mpira kwa saa nyingi J. G. Greig, mpigaji hodari wa Kiingereza aliyetaka mazoezi. Wahindu wa mji walipotaka kuwashinda Wazungu, walibishana wee kama wamchukue au wamwache, mwishowe wakamchukua. Baada ya ushindi wao huko Satara, jaji mwanamageuzi Mahadev Govind Ranade alimvisha shada la maua hadharani, akawaambia wachezaji kwamba wanaoweza kucheza naye wanaweza pia kula na kunywa naye. Tauni ilipoingia Poona, Baloo alihamia Bombay, na huko Wahindu wa timu walifika mahali pa kula pamoja naye. Mwaka 1906 waliwafunga Wazungu kwa mikimbio 109, na magazeti ya wanamageuzi yakaandika kwamba ushindi huo ni pigo kwa utabaka. Kutoka kikombe cha nje hadi meza moja ilipita miaka kama kumi tu. Hilo si jambo dogo.

Ila mimi nauliza: walimpa nini ambacho hawakukihitaji wenyewe? Pale klabuni kwa Wazungu hakupewa gongo hata siku moja, maana kupiga kulikuwa kwa mabwana na kurusha kulikuwa kwa watumishi. Wahindu nao walimtaka kwa sababu bila mkono wake wa kushoto wangeshindwa. Mwaka 1911 timu ya India ilikwenda Uingereza, nahodha wake akiwa Maharaja wa Patiala, kijana wa miaka 19. Ilicheza mechi 23, ikapoteza 15. Katika safari hiyo ya aibu Baloo peke yake aliangusha wiketi 114, yaani aliwatoa wapigaji mara 114, akiwa na miaka 35 na mzigo wote begani. Mtu wa namna hiyo, katika timu yoyote yenye haki, angekuwa nahodha. Wahindu wa Bombay walimpita mwaka baada ya mwaka wakiwateua watu wa tabaka la juu.

Mwaka 1920 ndugu zake, Vithal na Shivram, walichoka. Baloo alikuwa ameachwa nje ya kikosi, na Vithal amerukwa katika uongozi. Walijitoa, wakaeleza hadharani kwamba tatizo ni tabaka. Ndipo Baloo akarudishwa kama makamu, na nahodha M. D. Pai akatoka uwanjani kwa muda ili Baloo aongoze. Mwaka 1923 Vithal akawa nahodha, na Wahindu wakatwaa kombe. Wanaotetea mchezo huutaja sana mwaka huo. Mimi nautazama ule wa 1920: mlango haukufunguka kwa wiketi, ulifunguka baada ya watu kukataa kucheza.

Hapo ndipo siasa za Baloo zinaponitatiza. B. R. Ambedkar, kiongozi wa wasioguswa ambaye naye alizaliwa miongoni mwao, katika jamii ya Mahar, alimwona Baloo kama shujaa katika ujana wake. Mwaka 1932 Ambedkar alitaka wasioguswa wapige kura peke yao kuwachagua wawakilishi wao, Gandhi akafunga kula gerezani kupinga, na Baloo akawa miongoni mwa waliomsihi Ambedkar akubali maafikiano. Mwaka 1937 Congress, chama cha Gandhi, ilimsimamisha Baloo dhidi ya Ambedkar katika uchaguzi wa Bombay. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo 11,225.

Wapo wanaomwita msaliti, nami sikubaliani nao. Baloo aliamini kwamba Wahindu wa tabaka la juu hubadilika wakipewa muda, na hakulisoma hilo kitabuni: alikiona kikombe chake kikiingia ndani. Naamini alikosea, kwa kuwa alichukua yaliyompata yeye, fundi asiye na mfano, akayafanya ahadi kwa mamilioni wasio na mkono kama wake. Ambedkar aliwafikiria hao. Hata hivyo siwezi kumdharau mtu kwa kuwasadiki wenzake waliokula naye, hata kama wenzake hao hawakumsadiki yeye kiasi hicho. Baloo alifariki Julai 1955. Wahindu wa Bombay hawakuwahi kumteua nahodha.