Dola zangu 34 nirudishieni

Juzi natafuta betri kwenye droo ya jikoni, nikakutana na risiti ya vikoi. Mamangu mdogo alinitumia kutoka Mombasa Oktoba 2025, mzigo wa dola 340. Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Safari hii dereva alisimama mlangoni: lipa kwanza. Dola 34 za ule ushuru wa asilimia 10 wa Rais Trump, ushuru wa kawaida mbali, na dola 20 "za huduma". Huduma gani? Ya kunitoza.

Haya, 20 Februari 2026 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 6 kwa 3: sheria ya dharura ya 1977, ile Trump aliyoitumia, haimpi rais mamlaka ya kutoza ushuru. Ushuru ni kodi, na Katiba imelikabidhi Bunge kodi. Sheria yenyewe inazungumzia "kudhibiti" uagizaji. Neno ushuru halimo. Mahakama tatu na miezi kumi kugundua kwamba neno halimo! Heshima kwa walioshtaki, miongoni mwao kampuni ndogo ya mvinyo ya New York. Matajiri wengi walikaa kimya wakilipa.

Sawa, rais hakuachwa mikono mitupu. Siku ileile alikimbilia sheria ya biashara ya 1974 kuweka ushuru mwingine. Hiyo angalau ina kikomo: asilimia 15, siku 150.

Kinachonichoma ni marejesho. Majaji hawakusema pesa zirudi vipi. Forodha humtambua mwagizaji aliyeandikwa kwenye hati, na kwenye hati yangu aliyeandikwa ni kampuni ya usafirishaji. Mimi ni mtu wa mlangoni tu. Nikawapigia, baada ya dakika arubaini za muziki binti akaniambia, kwa adabu kabisa, nisubiri barua pepe. Kampuni kubwa ina mawakili wa kudai. Mimi nina droo.

Ila nisijifanye mtakatifu. Kikoi nilikuwa nauza dola 28, nikapandisha hadi 32 na kumlaumu Trump kwa kila mteja. Ushuru wenyewe walilipa wao. Dada mmoja wa Goma alichukua vitatu kwa ajili ya harusi, akauliza mbona bei imepanda, nikamwambia, "Dada, si mimi, ni serikali." Namba yake bado ninayo.