Bakteria wasipelekwe shambani uchi

Kuna bakteria wa mizizi ambao ukiwaotesha kwenye chupa kwa siku tatu, maji yanageuka ute. Ukiinamisha chupa, ute ule unashuka polepole kama ute wa yai, unavutika, na hata ukiinua chupa haukatiki upesi. Kwa miaka mingi niliumwaga kwenye sinki. Utaratibu ndivyo ulivyotaka: zungusha kwa mashine mpaka seli zitulie chini, mwaga kilicho juu, chukua seli safi, kisha uzichanganye na kibebeo ulichonunua kwingine. Leo naamini tulikuwa tunawavua bakteria nguo zao, halafu tunahangaika kuwatafutia nyingine.

Kibebeo ndicho kinachowafikisha vijidudu wazuri kwenye mzizi wakiwa hai. Tunazungumza sana kuhusu aina ya bakteria, nani ananasa nitrojeni zaidi kutoka hewani, nani anafukuza kuvu, na kidogo mno kuhusu safari yao. Raizobia, bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde na kuipa nitrojeni, hawatengenezi mbegu sugu za kujihifadhi kama wafanyavyo bakteria wa kundi la Bacillus. Wakipakwa juu ya mbegu na mbegu ikakauka, wengi hufa katika saa chache za kwanza, kabla hata udongo haujawaona. Mkulima anapanda, haoni vinundu, anasema dawa ya bakteria ni uongo. Simlaumu.

Tatizo hili ni la tangu mwanzo wa kazi yenyewe. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wa vinundu mwaka 1888, na mwaka 1896 Wajerumani Nobbe na Hiltner walikwisha kupata hataza ya bidhaa yao ya bakteria hao, Nitragin. Baadaye kibebeo kilichotawala kikawa mboji ya kinamasi. Nikiri kwamba ni kibebeo kizuri: kinashika maji, kina chakula, hakiwachomi bakteria kwa asidi ukishakitia chokaa. Lakini mboji hiyo huongezeka kina kwa takriban milimita moja tu kwa mwaka. Ardhi yenye mboji hiyo ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, na bado imehifadhi kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ikijumlishwa. Kuchimba hazina ya maelfu ya miaka ili kuufungia unga wa bakteria wa msimu mmoja, mimi moyo wangu haukubali.

Plastiki nayo ilijaribiwa. Mwaka 1979 mtafiti Dommergues na wenzake waliwanasa raizobia ndani ya poliakrilamaidi, polima (yaani molekuli ndefu ya vipande vinavyojirudia) ya kiwandani, na bakteria waliishi. Ila kiungo kinachotengenezea polima hiyo ni sumu, na yenyewe haiozi kwa urahisi. Kilichonifurahisha nilipofuatilia habari hii ni kwamba hawakuishia hapo: mwaka 1982 kundi hilohilo la watafiti lilitumia zanthani, polima ya bakteria, ikichanganywa na gundi ya mbegu za mti wa karobu. Mwaka 1986 mtafiti Bashan akaonyesha kuwa shanga za aljineti, polima nyingine ya asili, zinaweza kuwaachia bakteria polepole udongoni. Kwa hiyo wazo si geni hata kidogo. Na sasa sheria pia imeanza kusukuma upande huo: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu chembe ndogo za plastiki inagusa hata mipako ya mbegu, huku polima za asili zisizobadilishwa kikemikali zikiachwa nje ya katazo.

Ute wa bakteria unafanya nini hasa? Kwanza unashika maji na kuyaachia taratibu, hivyo seli inapata muda wa kujiandaa kwa ukame badala ya kushtukizwa. Lakini kuna jambo zito zaidi. Bakteria wa mizizi ya alfalfa (mmea wa malisho), Sinorhizobium meliloti, hutoa sukari ndefu iitwayo saksinoglaikani. Mabakteria waliopoteza uwezo wa kuitengeneza hushindwa kuingia: mmea unajenga vinundu, lakini vinundu hivyo ni vitupu, ndani hamna mpangaji. Yaani ute ule ni hodi. Mmea usipoisikia, haufungui mlango. Nikikumbuka sinki langu, hapa ndipo ninapoumia.

Aljineti tunayonunua hutoka kwenye mwani wa kahawia, ila bakteria wa udongo Azotobacter vinelandii huitengeneza pia, tena ya bakteria hubeba vipande vya kikemikali viitwavyo asetili vinavyoiongezea uwezo wa kushika maji. Ukitaka kuona uzuri wake, changanya bakteria na aljineti ya asilimia 2, dondosha tone moja moja kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu. Tone likigusa tu, ngozi inaganda, na chini ya chombo unabaki na shanga laini zinazoteleza vidoleni. Zikikaushwa hunywea zikawa punje ngumu unazoweza kuzipanda pamoja na mbegu. Zikipata unyevu hufura tena, na vijidudu wa udongo wanaanza kuila ngozi ile kidogo kidogo mpaka bakteria waliomo ndani wanatoka.

Zipo shida za kweli. Ute mzito unaizuia oksijeni ndani ya tangi, na bakteria wanaohitaji hewa wanadumaa. Kusafisha polima ni ghali, na zanthani, ambayo kazi ya mwanakemia Allene Jeanes na wenzake kule Peoria, Marekani, ndiyo iliyoiweka kwenye ramani, hutoka kwa Xanthomonas campestris, bakteria anayeozesha kabichi. Kwa hiyo lazima auawe na kuondolewa kabla polima yake haijafika shambani. Ndiyo maana mimi sivutiwi sana na kununua polima iliyosafishwa. Ninachotaka ni tumlishe bakteria mwenyewe sukari kwa kipimo kinachomfanya atoe ute wake, kisha tuvune vyote pamoja, seli na ute, bila kutenganisha. Aina fulani zitakataa, maana hazitoi ute wa kutosha; hizo ndizo tuziazime nguo ya jirani.

Na kwenye pakiti, tuache kuandika idadi ya bakteria waliokuwa hai siku ya kufungwa kiwandani. Iandikwe idadi ya walio hai siku ya mwisho ya matumizi, na chini yake kibebeo ni nini, kimetoka wapi, na kinaoza kwa muda gani.