Waingereza humzomea Waziri Mkuu, lakini huiamini ofisi

Anayetazama Bunge la Uingereza siku ya Jumatano, Waziri Mkuu akizomewa huku akijibu maswali, atashangaa kuambiwa kwamba Waingereza hunyenyekea mamlaka. Hawa ndio waliomkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, mwaka 1649. Julai 1945, Ujerumani ikiwa imesalimu amri miezi miwili tu kabla, walimwangusha kwa kura Churchill, Waziri Mkuu aliyewaongoza vitani, naye akajiuzulu jioni ya siku ileile ya matokeo.

Unyenyekevu upo, ila wengi huutafuta pasipo penyewe: kwenye taji, kwenye shule ya Eton iliyotoa mawaziri wakuu 20, kwenye foleni ya kumuaga Malkia Elizabeth mwaka 2022. Hayo kwangu ni mapambo. Mwanasiasa hawamwamini tena. Wanachokiamini ni taasisi: mahakama, polisi, hata Posta.

Imani hiyo ina faida ambayo wakosoaji huiruka. Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson alisimamisha vikao vya Bunge kinyume cha sheria. Johnson alisema hakubaliani nao kabisa. Kesho yake wabunge walikuwa wamerudi vitini, wala hakuna askari aliyetumwa popote. Polisi wengi wa huko hufanya doria bila bunduki, na bila imani ya raia hilo lisingewezekana.

Lakini wanaoumizwa na imani hiyo ni wanyonge. Mwaka 1975 watu sita walifungwa maisha kwa mabomu ya kigaidi yaliyolipuka kwenye baa za mji wa Birmingham. Walipodai kortini kwamba polisi waliwapiga, Jaji Denning aliitupa kesi yao mwaka 1980. Hoja yake: wakishinda, itakuwa na maana kwamba polisi walitesa na kusema uongo, na jambo hilo linatisha mno kiasi kwamba kesi haifai kuendelea. Walisubiri hadi 1991 ndipo wakaachiwa huru.

Posta ilifanya vibaya zaidi, maana hapo hapakuwa hata na hofu ya magaidi. Kati ya 1999 na 2015, mawakala wa posta, yaani wenye maduka wanaotoa huduma za posta, zaidi ya 900 walitiwa hatiani baada ya mfumo wa kompyuta wenye kasoro uitwao Horizon kuonyesha upungufu wa fedha katika hesabu zao. Mahakama zilichukulia kwamba kompyuta ni sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye duka la kijijini angethibitishaje, kumbukumbu za mfumo zikiwa mikononi mwa Posta yenyewe inayomshtaki? Baadhi walikiri makosa wasiyoyafanya.

Watetezi watasema mahakama zilijisahihisha: mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja. Kweli, lakini aliyeanza kupigana ni Alan Bates, wakala aliyeachishwa kazi, na kwa wengi nafuu ilikuja kwa sheria ya 2024 iliyofuta hukumu zao, baada ya tamthilia ya televisheni kuwaamsha wananchi. Siwalaumu sana majirani waliowatenga mawakala hao. Nawalaumu majaji, wanasheria na mawaziri, watu wanaolipwa ili wahoji.

Mswada uliofikishwa Bungeni Septemba 2025, uliodaiwa kwa miaka mingi na familia za mashabiki 97 wa soka waliokufa kwa msongamano wa uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, msiba ambao polisi waliwasingizia mashabiki wenyewe, unataka ofisa wa umma anayewapotosha wananchi ashtakiwe. Nauunga mkono, ingawa unamlenga zaidi ofisa anayedanganya. Jaji anayeridhika upesi na maneno ya ofisa huyo atabaki alivyo.