Uholanzi, 1918: meli kwa ngano

Machi 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Uholanzi, nchi isiyoegemea upande wowote, ilikuwa na meli tele na mkate haba. Sehemu ya meli hizo ilikuwa imekwama New York tangu mwaka 1917, pale Marekani ilipoanza kudai kibali kwa shehena za kwenda nje. Hoja ya Washington ilikuwa na mantiki: pumba na nafaka ya mifugo zikifika Rotterdam, ng'ombe wanashiba, kisha siagi na nyama vinavuka mpaka kwenda Ujerumani. Uingereza nayo ilishika vituo vya makaa ya mawe, na meli ya mvuke isiyo na makaa ni ghala tu linaloelea.

Mapatano yaliyokuwa mezani: Uholanzi iwakodishie Marekani na Uingereza meli zake, hata kwa safari za eneo la nyambizi za Ujerumani, nayo ipewe tani 100,000 za ngano. Waziri wa mambo ya nje, Loudon, alikubali, mradi zisibebe askari wala silaha. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Bila sharti hilo, Berlin ingeweza kuihesabu Uholanzi kuwa adui. Lakini kwa kweli sharti lenyewe lilikuwa na tundu: meli ya Kiholanzi ikipeleka ngano London, meli ya Kiingereza inapata nafasi ya kubeba askari. Wajerumani walilijua hilo vizuri.

Tarehe 20 Machi Rais Wilson akaamuru meli 87 zilizokuwa bandari za Marekani zitwaliwe kwa haki ya angaria, yaani dola iliyo vitani kutumia mali ya nchi isiyoegemea upande iliyomo ndani ya mipaka yake, kwa kulipa fidia. Fidia iliahidiwa. Ubishi ni kama haki hiyo ya kale iliruhusu kuzipeleka meli hizo ng'ambo ya bahari, kwenye hatari. Kisheria Wilson anateteeka. Kwa mapato ya kidiplomasia, sina hakika. Ngano iliendelea kuahidiwa, ila ilihitaji meli za kuifuata, na mwenye meli gani angepeleka nyingine baada ya kuona zile 87?

Mara nyingi Norwe hutajwa kama mfano bora: mwaka 1917 wenye meli wake walipatana na Uingereza, meli kwa makaa. Bei yake ilikuwa mabaharia wapatao 2,000 waliokufa katika vita hiyo. Lakini Norwe haikupakana na Ujerumani kwa nchi kavu. Uholanzi ilipakana nayo mashariki, na kusini, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeshakaa.