Ugomvi wa ndugu: nani anaujua vizuri zaidi?

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wazazi wengi huwalea watoto wao kwa imani hiyo: wakikwaruzana ni utoto tu, jioni watacheza pamoja. Mara nyingi hawakosei. Ila methali hiyo inamhusu aliye nje ya ugomvi. Aliye ndani hana jembe la kuchukua.

Mwaka 1987, Thomas Achenbach na wenzake walichambua tafiti 119 ambamo watu mbalimbali waliulizwa kuhusu hisia na tabia za mtoto mmoja. Kwenye kipimo cha uwiano ambacho 1 ni kulingana kabisa, watu wa nafasi moja, kama vile baba na mama, walipata wastani wa 0.60. Mtoto mwenyewe na watu wengine: 0.22. Tafiti hizo hazikuwa za ndugu peke yake, lakini nambari hiyo hainitoki akilini. Baba na mama wakisema kitu kimoja, tunaamini wameona ukweli. Huenda wamesikia tu kelele zilezile kutoka chumba kilekile, na waliyofanyiana watoto kimyakimya yamewapita wote wawili.

Na kelele ni kipimo kibovu. Wyndol Furman na Duane Buhrmester, walipowauliza watoto wenyewe mwaka 1985, waligundua kwamba ukaribu wa ndugu na ugomvi wao ni mambo mawili tofauti. Kuwapo kwa kimoja hakuondoi kingine. Wanaozozana kutwa wanaweza kuwa ndio wanaofichiana siri. Wale watulivu, wanaosifiwa mbele ya wageni, pengine mdogo wao amekwisha kata tamaa ya kulalamika. Mzazi anayehesabu magomvi atawahangaikia wa kwanza na kuwasahau wa pili.

Mzazi naye ana hoja. Ameona miaka, mtoto anaikumbuka asubuhi ya leo. Muulize mtoto wa miaka mitano kuhusu dada yake mara tu baada ya kunyang'anywa mwanasesere, utaambiwa hana dada. Hata utafiti wa Corinna Jenkins Tucker na wenzake wa mwaka 2013 nchini Marekani, uliohusisha watoto na vijana 3,599, uliwategemea walezi kuwasemea walio chini ya miaka 10. Lakini angalia utafiti huo ulikuta nini: waliopigwa, kutukanwa au kuharibiwa vitu na ndugu zao walikuwa na msongo mkubwa zaidi wa mawazo kuliko wasiofanyiwa hivyo. Hayo ndiyo tunayoyaita utoto.

Kwa wadogo sana, basi, mzazi aseme. Kuanzia umri wa kwenda shule, kila mtoto aulizwe peke yake, mwenzake akiwa hayupo. Kifungua mimba atalalamika kwamba mdogo wake anapendelewa, kitindamimba kwamba anaonewa, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.