Shemeji na Vijiko Tisa vya Karafuu

Mchanganyiko wa viungo vya pai ya boga hauna siri. Mdalasini wa unga vijiko vikubwa 3, tangawizi kavu ya unga vijiko vidogo 2, kungumanga iliyokunwa vijiko vidogo 2, punje za Jamaika zilizosagwa kijiko kidogo 1 na nusu, karafuu ya unga kijiko kidogo 1. Punje za Jamaika ni zile zinazofanana na pilipili manga iliyonenepa; ukiitafuna moja unasikia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa mpigo. Kijiko kidogo ni mililita 5, kikubwa 15. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mlango wa friji, nikaenda kazini. Jikoni nikamwacha shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu, mzaliwa wa Wete, Pemba. Kwetu sisi watu wa Tanga karafuu ni kiungo. Kwake yeye karafuu ni ukoo. Ukimpa nafasi atakueleza jinsi kimbunga cha mwaka 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kuubeba mzigo, na atakueleza kana kwamba alikuwepo anashikilia mti.

Huku Minnesota, Marekani, majani yakianza kupukutika, kila duka linanukia mchanganyiko huu: mishumaa, sabuni, biskuti. McCormick, kampuni ya viungo ya hapa, walianza kuuza wa kopo mwaka 1934, kwa ajili ya pai. Starbucks, wenye migahawa ya kahawa, wakautia kwenye kahawa mwaka 2003, na hadi 2015 hiyo kahawa ya boga haikuwa na boga hata tone. Shemeji alipopata habari hizo alinung'unika wiki nzima. Watu wanatajirika kwa karafuu, alisema, na wenye karafuu wanakaa kimya. Ningeyatilia maanani maneno yale, karatasi nisingeibandika.

Nimtendee haki: kusaga alisaga vizuri kuliko mimi. Magome ya mdalasini aliyavunja kwanza kwa mchi, maana ukiyatia mazima kwenye mashine ya kahawa yanakwama na kisu kinazunguka bure. Mdalasini, karafuu na punje za Jamaika alizipasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili hivi, mpaka harufu ikapanda. Ukizidisha, zinaungua na uchungu wake hautoki tena. Akaziacha zipoe kabisa kabla ya kusaga, kwa sababu viungo vya moto hutoa mvuke na unga hushikana mabonge. Kungumanga hakuipasha, aliikuna tu. Akachekecha. Mwalimu yeyote wa mapishi angempa alama zote.

Kisha akafika kwenye mstari wa karafuu.

"Shemeji," aliniambia baadaye, kwa utulivu wa mtu asiye na hatia, "mdalasini vijiko vikubwa vitatu, karafuu kijiko kidogo kimoja? Nikajua umeteleza kalamu. Wanaotia kijiko kidogo ni wale wanaonunua."

Akatia vijiko vikubwa vitatu, sawa na mdalasini. Hivyo ni vijiko vidogo 9 mahali pa kimoja. Na haikuwa karafuu ya dukani, ile iliyosagwa zamani ikabaki rangi tu. Ilikuwa ya msimu ule, iliyotoka Wete, imechambuliwa makonyo yote, zimebaki karafuu zenye vichwa vyake. Ukiiminya kwa ukucha inatoa mafuta. Ukiidondosha kwenye glasi ya maji inazama au inasimama wima, hailali juu. Karafuu nzuri ya namna hiyo ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujinoli, kitu kilekile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza maumivu. Punje za Jamaika nazo zina yujinoli ya kutosha. Kwa hiyo mchanganyiko wa shemeji ulishapita mpaka wa mapishi, ukaingia kwenye udaktari.

Mashine ililalamika mapema. Kifuniko chake cha plastiki kilifanya ukungu, kwa sababu mafuta ya karafuu hushambulia baadhi ya plastiki ngumu. Ndiyo maana viungo hivi huhifadhiwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko, na hapo vinakaa miezi sita bila kupoteza makali. Shemeji aliuona ukungu ule, akaufurahia. Aliuhesabu kuwa ushahidi wa ubora.

Kilichofuata kilitokana na kijiko. Kwa pai moja ninatia vijiko vidogo 2 vya mchanganyiko, kwenye boga la kopo gramu 425, sukari gramu 150, chumvi nusu kijiko kidogo, tui zito la nazi mililita 350 na mayai 2. Shemeji, akiwa bado na kijiko kikubwa mkononi, alitia vijiko vikubwa 2. Kwa kila pai. Na mayai aliyatanguliza. Kwa kawaida mayai huingia mwisho ili uweze kulamba rojo kwanza na kujua kama viungo vimekaa sawa. Yeye anayaogopa mayai mabichi, hivyo hakuonja. Karafuu haiogopi.

Kuoka alioka sawasawa: nyuzi 220 kwa dakika 15, kisha 175 kwa dakika 45, mpaka kisu kikatoka kikavu karibu na katikati. Pai zilitoka na weusi usio wa kawaida. Nilipofika nyumbani alikuwa keshazifunika kwa krimu iliyopigwa, na juu ya krimu kanyunyizia mchanganyiko uleule. Harufu sikuishuku. Novemba hapa hata lifti zinanukia hivyo.

Alhamisi ya nne ya mwezi, Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, bata mzinga akaliwa, wali ukaliwa, pai zikakatwa. Watoto waligusa kwa ncha ya ulimi wakakimbia. Watu wazima walikuwa na adabu zaidi, wakamaliza vipande vyao. Kwa dakika chache hakuna aliyesema neno. Nikadhani wameshiba.

Mzee wetu, yule anayefungua na kufunga kila shughuli, akasimama kutoa shukrani.

"Ndugu zangu wafendwa," alianza, akanyamaza, akajishika mdomo wa chini kuhakikisha upo. "Fai hii. Nani kaifika?"

"Nimeifika mimi, mzee!" shemeji akajibu kwa fahari, naye midomo yake ikiwa imeshaaga.

"Umefika wafi?"

Hapo mume wangu alitoka nje kwenye baridi akachekee huko. Mimi nilijaribu kueleza, lakini "Pemba" ilinitoka "Femba" na nikaona heri ninyamaze. Mzee mwenyewe aliendelea na hotuba yake yote, bila herufi p wala b, akidondokwa na mate kwenye koti, na wageni waliitikia mahali pasipohitaji kuitikiwa.

Aliyefurahi kweli ni jirani yetu Mmarekani. Jino lake la kushoto lilikuwa likimtesa, na daktari wake wa meno alikuwa amefunga hadi Jumatatu. Alikula kipande chake taratibu, akashika shavu, macho yakajaa machozi. Tukajua sasa tumeua mtu. Akaomba kingine, akakitafunia kushoto. Kisha akamkumbatia shemeji.

Mchanganyiko uliobaki ulikuwa vijiko vidogo 11 na nusu hivi. Kiungo kikizidi hakitolewi, kinapunguzwa makali kwa kuongeza vingine, basi nikakaa nikapiga hesabu: mdalasini vijiko vikubwa 12, tangawizi vijiko vidogo 8, kungumanga vijiko vidogo 8, punje za Jamaika vijiko vidogo 6. Ndipo karafuu ingerudi kwenye kiwango chake, na mimi ningekuwa na viungo vya pai 34. Nimetengeneza. Wageni wanaokuja kwangu hawaondoki bila kachupa.

Mashine ya kahawa nimeisafisha kwa kusaga mchele mbichi mkavu, konzi moja, naumwaga, nasaga nyingine, mpaka unga utoke bila harufu. Kisu kimepona. Kifuniko hakijapona, na mume wangu anakunywa kahawa ya karafuu kila asubuhi, akimtazama mdogo wake.

Jumatatu jirani alikwenda kwa daktari, akarudi kutueleza. Jino limezibwa kwa muda, alisema, kwa dawa nyeupe yenye harufu ileile ya pai yetu. Shemeji alimsikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akataka kujua daktari huyo katia vijiko vingapi.